Kumi na Moja Wawili

Mlango wa chumba cha maiti ulikuwa wa chuma, na kila ulipofunguliwa ulilia kama mtu anayeamshwa kwa nguvu. Kobe aliufungua polepole. Kwa polepole hakuna aliyemweza. Ndiyo sababu kituoni walimpachika jina hilo tangu siku zake za mwanzo, na yeye akalibeba bila kinyongo, akiwaambia kwamba kobe akifika huwa amefika na nyumba yake. Alikuwa mpelelezi wa makamo, mwembamba, mwenye viatu vya raba visivyopiga kelele, na asubuhi hiyo alikuja peke yake kwa sababu wenzake walikuwa wamekwisha kuimaliza kesi.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jana yake mama mmoja alikuja kuchukua maiti ya mwanawe wa pekee, kijana mchomeleaji aliyegongwa na lori akitoka kazini. Alipewa karatasi yenye namba kumi na moja. Mhudumu wa chumba cha maiti, mzee ambaye watu wote walimwita Baridi, hata wajukuu zake, akaivuta droo ya kumi na moja mbele ya macho ya yule mama. Tupu. Akavuta ya jirani, na ya jirani yake, mpaka akafika droo ya tisa, ambayo kompyuta ilisema haina mtu. Humo mtu alikuwamo. Kwenye mfuko, upande wa miguu, ilifungwa lebo ya kumi na moja. Baridi akamshukuru Mungu, akafungua zipu ya mfuko.

Aliyelala mle ndani alikuwa mzee wa mvi, amesinyaa kama gazeti lililonyeshewa.

Habari ikatoka dirishani kabla ya watu kutoka mlangoni. Kufikia jioni sokoni walikuwa wakisemezana kwamba kijana kazeeka ndani ya jokofu, kwamba ameibiwa miaka yake yote iliyokuwa imebaki. Sajini, ambaye hakuamini uchawi ila aliamini sana wizi, alimkamata Baridi palepale. Kwa maelezo yake, mzee kauza maiti ya kijana kwa watu wabaya, akaweka ya babu asiye na mwenyewe ili kuziba pengo. Kesho angempeleka mahakamani. Na kumweka ndani, Sajini aliongeza, ni kwa usalama wake vilevile, maana vijana wa karakana ya marehemu walikwisha kuanza kuulizia anakoishi.

Mama wa kijana alikuwa kwenye benchi la nje. Hakuondoka tangu jana. Kobe alikaa kando yake kabla ya kuingia, wakatazama ukuta pamoja. Watu walikuwa wameeneza kwamba mama huyu amemtambua yule mzee, na Kobe alitaka kulisikia jambo hilo kwa mwenyewe.

"Sikusema ni mwanangu," mama alisema. "Nilisema anafanana naye. Paji la uso. Nilipomwona nikajiuliza, kumbe ndivyo angekuwa akizeeka? Nikamwangalia sana, afande. Nilijua sitapata nafasi nyingine ya kumwona mwanangu mzee."

Kobe akamgusa bega. Akainuka, akaingia.

Ndani kulikuwa na droo kumi na mbili zilizopangwa ukutani, safu tatu za nne nne. Jokofu lenyewe lilikuwa la zamani kuliko hospitali, watu walisema. Lilihamishwa kutoka jengo lililobomolewa. Juu ya kila mlango palikuwa na kibao kidogo cha shaba chenye namba za Kirumi. Mashine ilinguruma, ikakaa kimya, ikanguruma tena, na kila iliponyamaza masikio yalijikuta yanasubiri. Kobe alisimama katikati ya chumba akitazama. Alikuwa na desturi hiyo. Haulizi mtu mpaka amekiuliza chumba.

Mashine ikanyamaza. Kitu kikagonga.

Kiligonga kutoka ndani ya ukuta, mara moja, kikatulia, kikagonga tena. Sauti ilitoka droo ya tisa, alikolazwa yule mzee.

"Ni mlango, afande," sauti ikasema nyuma yake. "Mpya. Chuma chake bado hakijazoea baridi. Mjomba alinieleza siku ya kwanza nilipokimbia nikaacha viatu."

Alikuwa karani, binti mdogo mwenye macho yaliyovimba kwa kulia. Ofisi yake ilikuwa chumba cha pembeni chenye meza, kompyuta, na kidirisha kilichotazama kwenye droo. Baridi alikuwa kaka wa mama yake. Ndiye aliyemwombea kazi hapo, na ndiye aliyemruhusu kuondoka mapema jioni za masomo, kwa kuwa binti alikuwa anajifunza kutengeneza programu za kompyuta.

Kobe akaukaribia mlango wa tisa. Ni kweli, ulikuwa mpya. Milango mingine ilikuwa na rangi iliyobabuka na vibao vyeusi kwa uzee. Huu ulikuwa laini na kibao chake kinang'aa. Aliuliza ulibadilishwa lini. Karani akajibu kwamba ni mwezi uliopita. Bawaba za ule wa kale zilikatika, fundi akaja na mlango mwingine na kibao kingine. Kobe akavitazama vibao vyote tena, kimoja kimoja, midomo yake ikisogea kama ya mtoto anayejifunza kusoma, kisha akaomba aelezwe kazi inavyokwenda, tangu mtu anapoletwa mpaka anapotoka.

Kazi ilikuwa rahisi kueleza. Maiti huletwa kutoka wodini tayari imefungwa kwenye mfuko mweupe, kichwa hadi mguu, na ni marufuku kuufungua isipokuwa ndugu wakiomba. Baridi humwingiza kwenye droo iliyo wazi, kisha husoma kibao kwa sauti, herufi baada ya herufi, na karani huandika upande wa pili wa kidirisha. Zamani aliandika kwa mkono, ikatosha. Lakini hospitali ilipoleta kompyuta, ile mashine ilizikataa herufi. Ilitaka namba za kawaida. Na mjomba wake, binti alisema akitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza, alikuwa akivijua vile vibao kama mtu anavyojua sura za majirani, anajua huyu ni nani, ila ukimwambia avigeuze viwe namba anakwambia mwanangu mimi nasoma milango, sisomi hesabu.

"Basi nikatengeneza programu," alisema. "Ndogo tu. Ilikuwa zoezi tulilopewa chuoni, kugeuza namba za Kirumi kuwa za kawaida. Nikaona, kumbe hili zoezi ni la kwetu. Unaandika herufi za kibao, inakupa namba, inachapa lebo ya mfuko. Jina linabaki ndani ya mashine, kwa siri ya ndugu."

"Na kwenye kutoa?"

"Ndugu wanakuja, natafuta jina, mashine inanipa namba, nachapa karatasi. Mjomba anakwenda kwenye mlango wenye namba hiyo. Kugeuza namba kurudi kuwa herufi hakumsumbui, nilimbandikia karatasi ukutani."

Karatasi ilikuwapo, moja hadi kumi na mbili, na mbele ya kila namba mchoro wa kibao chake. Kobe aliisoma yote. Mbele ya tisa palikuwa pamefutwa na kuandikwa upya kwa kalamu ya rangi nyingine. Kobe akauliza ni mwandiko wa nani. Karani akasema ni wa mjomba. Mlango ulipobadilishwa alichora kibao kipya mwenyewe, hata hakumsumbua.

Kobe akatoka. Nje, yule mama alikuwa bado anatazama ukuta.

*

Mahabusu ya kituo ilikuwa na harufu ya dawa ya choo na ya hofu. Baridi alikaa juu ya kiroba kilichokunjwa, miguu ameinyoosha, mikono mapajani, kama anasubiri zamu yake ianze. Sajini alisimama kwenye nondo akimweleza Kobe, mbele ya mzee mwenyewe, kwamba kuna watu huianza kesi wenzao wakiwa wamekwisha kuimaliza.

Kobe akamwomba Sajini amletee mzee maji. Alipoondoka, akachuchumaa.

"Mzee wangu, kabla ya huyu mama, kuna mwingine aliyetolewa kwa namba kumi na moja?"

Baridi akainua uso. Hakuna aliyemuuliza hivyo tangu jana. Walimuuliza kauza kwa nani.

Alieleza bila haraka. Siku mbili tatu nyuma ilikuja familia ya mzee mmoja, fundi cherehani, aliyekufa wodini kwa maradhi ya muda mrefu. Mdogo wa marehemu alikuwa na haraka, gari la kukodi linamsubiri. Baridi aliwauliza kama wanataka kumwona, ndiyo kanuni, na yule bwana akasema hapana, alivyoisha kwa ugonjwa wanataka wamkumbuke alivyokuwa. Palikuwa na mwanamke mmoja aliyetaka kusema kitu, akazimwa kwa jicho. Basi wakampakia.

"Karatasi ilisema kumi na moja," Baridi alisema. "Nikaenda mlango wa kumi na moja. Nikatazama mfuko upande wa miguu, lebo inasema kumi na moja. Mashahidi watatu, mwanangu, na wote wanasema kitu kimoja. Ningemkatalia nani?"

"Na siku ulipompokea huyo fundi, ulimlaza wapi?"

Mzee akafumba macho. Kobe hakumharakisha. Wamepita wengi mikononi mwake, na wote wamefungwa mifuko ya aina moja.

"Mlango mpya," alisema mwishowe. "Nakumbuka kwa kuwa haukulia. Nikamwambia, babu, wewe umepata nyumba mpya."

Sajini alikuwa amerudi na maji, akasikia neno hilo. Hakuwa mjinga Sajini, alikuwa na haraka tu, na sasa haraka yake ikageuka upande mwingine. Akajipiga pajani. Kumbe basi mzee alivuruga herufi. Tisa ni I halafu X. Kumi na moja ni X halafu I. Herufi zilezile mbili. Kapokea mtu mlango wa tisa, kamsomea mpwa wake kinyumenyume, mpwa kaandika kumi na moja. Si wizi, ni uzembe, lakini uzembe uliozikisha mtoto wa watu kwenye kaburi la mwingine nao una kifungu chake cha sheria, na mzee wa umri huo akifungwa hatoki.

Kobe akamgeukia Baridi, akamuuliza ni kweli.

"Nasoma kama ninavyotembea," mzee alijibu. "Naanzia mlangoni. Kushoto, naenda kulia. Sijapata kuanzia kulia tangu nizaliwe." Akanywa maji. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo, "Lakini mwanangu, kama itakuwa lazima awe mmoja wetu, sema nilisoma vibaya. Yule binti ana masomo."

Kobe alikaa juu ya visigino vyake akimwangalia. Alikuwa amesikia watu wengi wakikana makosa yao mahali pale. Huyu alikuwa anagombania la mwenzake.

*

Karani alikuwa peke yake Kobe aliporudi. Mashine ilikuwa kimya. Kobe akavuta kiti, akakaa karibu naye hivi kwamba wote wawili walikitazama kioo cha kompyuta, akamwambia afungue ile programu yake.

Ikafunguka. Kidirisha cheupe, mahali pa kuandika, na mstari wa pongezi juu ambao binti alikuwa amejiandikia mwenyewe. Aliona haya, akaufunika kwa kidole.

"Andika X, kisha I," Kobe alisema.

Akaandika. Kioo kikajibu: 11.

"Sasa anza na I. Halafu X."

Binti akaandika I. Akaandika X. Akabonyeza.

11.

Binti akafuta, akaandika upya, taratibu, akitazama kila kidole kinapotua, kama labda ni vidole vinavyomdanganya. 11. Akaandika tena. 11. Jokofu likawaka ghafla upande wa pili wa ukuta naye akaruka kitini.

"Inajumlisha," alisema. "Afande, inajumlisha tu. Niliiambia, I ni moja, V ni tano, X ni kumi. Chukua ya kwanza, ongeza ya pili, ongeza ya tatu, mpaka ziishe. Sikuiambia kwamba ndogo ikitangulia kubwa, ile ndogo inatolewa. Moja mbele ya kumi, ni kumi toa moja. Hata ukigeuza herufi, kwake ni mamoja. Kumi na moja, moja na kumi."

"Lakini uliijaribu."

"Niliijaribu." Akainuka nusu, akaonyesha kidirishani. "Nilizunguka na vibao vyote kumi na viwili, afande, wallahi, nikaandika kimoja kimoja, na kila kimoja kilijibu sawa. Ndiyo nikaona kazi imekwisha. Chuoni somo lililofuata sikwenda, nilikuwa zamu."

Kobe akamwambia waende wakavitazame hivyo vibao pamoja. Alikwisha kujua watakachokiona, lakini alitaka binti akione mwenyewe, kwa macho yake, si kwa maneno ya askari. Wakasimama mbele ya mlango wa nne. Kibao cheusi cha zamani. Ingekuwa kama wanavyofundisha shuleni, kingekuwa na I mbele ya V. Hakikuwa hivyo. Kilikuwa na vijiti vinne vilivyosimama, I, I, I, I, kama vile saa nyingi za ukutani zinavyoandika nne. Yule aliyechonga vibao vya kale alikuwa mtu wa kujumlisha, hakupenda kutoa.

"Na tisa ya zamani ilikuwaje?" Kobe aliuliza.

Binti alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Ilikuwa V na vijiti vinne nyuma yake, alisema. Tano na nne. Programu yake ilijibu tisa, na ilikuwa kweli. Kisha bawaba zikakatika. Fundi akaleta mlango mpya, akachonga kibao kama vitabu vinavyotaka, I na X, akafanya kazi safi, akaenda zake. Mjomba akakichora kwenye karatasi ya ukutani bila kumsumbua. Mlango usiolia ukakaa mtupu mpaka alipoletwa yule mzee, naye akaandikwa kumi na moja, kama kijana aliyelazwa kwenye kumi na moja yenyewe.

Ndani ya ukuta mlango mpya ukagonga. Binti hakuruka safari hii. Aliutazama kama anayeitwa kwa jina lake.

Wakarudi mezani. Karani akafungua ule upande wa programu ambao watu hawauoni, mistari yenyewe, na Kobe akaona ilivyo mifupi. Yote iliingia kwenye kioo kimoja. Binti akaweka kialama penye mstari mmoja. Mikono yake ikabaki juu ya kibodi.

"Ni mstari mmoja, afande," alisema. "Labda miwili. Nikiandika hapa sasa hivi, ikaguliwe kesho, mashine itajibu tisa. Hakuna atakayejua. Watasema mjomba alisoma vibaya."

Kobe hakumjibu. Alikuwa mzito wa kusema hata siku za kawaida, na hii haikuwa siku yake ya kusema. Alitazama vidole. Vilikuwa vyembamba, na kucha zimetafunwa. Akakumbuka mzee kule mahabusu na maji yake. Hakumwambia binti alichosema mjomba. Angemwambia, vidole vingeinuka kwa huruma, na Kobe alitaka viinuke vyenyewe.

Binti akaviondoa. Akavikalia, kama mtoto anayejizuia kugusa chakula cha wageni.

"Nilimtengenezea yeye," alisema. "Asihangaike na hesabu."

Kobe akapiga simu kituoni, akamwambia Sajini aje na mtu wa kompyuta, aje ajionee mwenyewe kabla ya mtu kugusa kitu, na ile hati ya mashitaka aichane. Sajini alibishana kidogo kwa heshima ya cheo chake. Kisha akauliza, sasa kijana wa watu atarudije kwa mama yake.

"Ni lazima afukuliwe," Kobe alisema. "Nakwenda kuwaambia waliomzika."

*

Nyumba ya fundi cherehani ilikuwa na uzio wa mabati na geti lililolegea. Mtu akitaka kuingia ilimbidi alinyanyue kwanza ndipo alisukume. Kobe alisukuma, likagoma. Akasukuma tena. Ndani kelele za vyombo zikakatika, na alipofanikiwa kuingia alimkuta mwanamke mzee amesimama uani, mkono kifuani, anamtazama kama aliyetegemea kuona mtu mwingine.

Ndiye mjane. Ndiye aliyezimwa kwa jicho. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alitoka chumbani akifunga vifungo vya shati, na Kobe akawaeleza wote wawili kwa pamoja, hatua kwa hatua, kibao, mashine, lebo mbili, mpaka mwisho. Aliyasema polepole na hakuruka kitu.

Shemeji alikataa kabla hajamaliza. Aliyezikwa ni kaka yake, watu wameona, maombi yamesomwa, chakula kimeliwa. Kufukua kaburi ni aibu ambayo ukoo huu haujapata. Na hata kama ni kweli, alisema, huyo kijana kazikwa kwa heshima, aachwe alale, na kaka akazikwe kimyakimya pembeni. Sheria inataka ridhaa ya familia, sivyo? Basi familia ni yeye, na ridhaa hakuna.

"Shemeji, hebu kaa," mjane alisema.

Hakupaza sauti. Shemeji akakaa, labda kwa mshangao.

Alimgeukia Kobe. Alisema mwisho wa ugonjwa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimbeba mumewe kutoka kitandani hadi kitini, yeye na mgongo wake huu, kama anavyobebwa mtoto. Siku ya mazishi aliwaona wabeba jeneza wakibadilishana mabega, jasho likiwatoka, vijana wenye nguvu zao. Akasema moyoni, mume wangu kawa mzito lini? Akataka kuuliza. Akatazamwa, akanyamaza.

"Na tangu tumpeleke kaburini, kila magharibi kuna mtu getini," alisema. "Anasukuma. Mume wangu alilifunga geti hili kwa mikono yake, alijua linanyanyuliwa. Huyu hajui. Anasukuma, anasukuma, halafu anaondoka. Nikamwambia shemeji, huyu si wa kwetu, huyu anatafuta kwao. Akaniambia ni upepo."

Shemeji alitazama chini.

"Kule hospitali," mjane aliuliza, "mume wangu yuko peke yake?"

Kobe akasema ndiyo. Akasema yuko nyuma ya mlango mpya, usiolia unapofunguliwa.

Mjane akaingia ndani, akatoka na kanga begani na viatu mkononi, akavivaa akiwa amesimama, akishikilia ukuta. Shemeji akaanza tena habari ya ukoo. Mjane akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba ridhaa ya mke ni yake yeye, kwamba anakwenda kumchukua mumewe na kumrudisha mtoto wa watu, na kwamba akitaka kuona aibu aione akiwa njiani anakuja nao, kwa sababu atahitajika mtu wa kubeba.

*

Mama wa kijana alikuwa bado kwenye benchi. Jua lilikuwa limehama, lakini yeye hakuhama nalo, na sasa alikaa juani. Baridi alikuwa amekwisha kuachiwa. Alisimama mlangoni pa chumba chake na mpwa wake amemshika mkono wa shati, na wote wawili walisogea kupisha.

Mjane hakuingia kwanza. Kobe alidhani angeingia moja kwa moja kwa mumewe, hata alikwisha kuushika mlango. Lakini mjane alikwenda akakaa kwenye benchi, karibu sana, kama wanavyokaa watu wa nyumba moja, akakusanya kanga yake magotini.

"Mwanao yuko kwangu," alisema.

Mama hakugeuka. Mabega yake tu yalianza kushuka, polepole, kama mtu anayetuliwa mzigo aliousahau kichwani.

"Hakulala bila kuliliwa," mjane aliendelea. "Nimemlilia mimi. Na nisamehe dada, pale kaburini watu walipoondoka nilibaki, nikamwambia maneno. Maneno ya mke kwa mume. Ya tangu ujana wetu. Sikujua ninamwambia nani. Nimeona haya njia nzima, mtoto mdogo vile, nimemjaza masikio kwa mambo ya watu wazima."

Kobe alikuwa ameushika mlango wa chuma, ukataka kulia, akauzuia kwa bega.

Mama akamtazama mjane usoni kwa mara ya kwanza.

"Alikuwa hajaoa," alisema. Akafuta macho kwa kiganja, akaangalia kiganja chenyewe kilivyolowa. "Nilikuwa nasikitika, kafa hajaambiwa na mtu." Akaitafuta mikono ya mwenzake ndani ya kanga, akaishika. "Hebu niambie ulimwambia nini."